Binti Anapomtetea Mchumba Wake: Mwongozo kwa Mtunzi wa Kisa cha Barua za Vitisho

Ukitaka kutunga kisa cha binti aliyefumbua fumbo la barua za vitisho ili amtoe mchumba wake katika tuhuma, usianze kwa binti, wala usianze kwa mchumba. Anza kwa siri. Mtu anayedai mali kwa vitisho hana haja ya jambia wala bastola, kwa kuwa silaha yake ni jambo alijualo juu ya mwenziwe, na nguvu zote za silaha hiyo zimo katika kunyamaza kwa yule anayetishwa, ambaye aghalabu huona ni heri autoe mfuko mzima wa fedha kuliko watu wamjue alivyo. Ndiyo maana mpelelezi wa kisa cha namna hii hukabiliwa na vinywa viwili vilivyofungwa, kinywa cha mkosaji na kinywa cha mkosewa, ilhali mpelelezi wa wizi hupokewa mlangoni na mwenye kuibiwa, akaelezwa yote, hata yale asiyoyauliza. Mtunzi asiyeitambua tofauti hii ataandika kisa cha wizi chenye barua ndani yake, na msomaji atakapofika ukurasa wa kumi atakuwa amekwisha kuchoka.

Kabla hujashika kalamu, soma walivyofanya waliotangulia, upate kujua njia imepita wapi na wapi bado ni pori. Katika Alfu Lela Ulela kimo kisa cha matofaa matatu, ambamo Harun Rashid anamwamuru waziri wake Jaafar amtafute muuaji katika muda wa siku tatu, na Jaafar, badala ya kupeleleza, anakaa nyumbani akingoja ajali yake. Na hata fumbo la pili la kisa hicho linapofumbuka, linafumbuka kwa sababu waziri alimkumbatia bintiye mdogo kumuaga, akahisi tofaa katika nguo zake. Ni kisa kizuri mno, lakini ni kisa cha kudra, na anayetaka binti wake wa kubuni ashinde kwa akili hana budi kuiacha njia hiyo. Mmarekani Edgar Allan Poe, katika "The Purloined Letter" ya mwaka 1844, alituonyesha jambo linalotuhusu zaidi: bibi wa jamaa ya kifalme anachukuliwa barua yake mbele ya macho yake, naye hathubutu kupiga ukelele, kwa sababu yumo chumbani mtu ambaye hapaswi kujua kuwa barua ile ipo. Naye Arthur Conan Doyle, mwaka 1904, alimtoa Charles Augustus Milverton, mtu wa London aliyekuwa akinunua barua za siri na kuwauzia wenyewe kwa bei ya kuwaangamiza, na Sherlock Holmes mwenyewe, pamoja na umahiri wake wote, hakuweza kumfikisha mbele ya sheria, kwa kuwa hapakuwa na aliyetishwa aliyekuwa radhi kusimama hadharani na kushitaki. Mwisho wake Milverton aliuawa na mwanamke ambaye alikuwa amemharibia maisha.

Ama kwa habari ya mwanamke anayemtetea ampendaye, wapo wawili wa kuwatazama. Wilkie Collins, katika The Law and the Lady ya mwaka 1875, alimwandika Valeria, mke kijana aliyegundua kuwa mumewe alipata kushitakiwa huko Scotland kwa kumpa sumu mke wa kwanza, na kwamba baraza lilitoa hukumu ya kuwa shitaka halikuthibitika, hukumu ambayo haimfungi mtu wala haimsafishi. Na Agatha Christie, katika The Sittaford Mystery ya mwaka 1931, alimwandika Emily Trefusis, mchumba wa kijana aliyetuhumiwa kumuua mjomba wake, binti mwenye moyo thabiti asiyengoja ruhusa ya mtu kwenda kuuliza. Kwetu sisi, Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda katika mashindano ya uandishi ya 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapwa 1960, na kwa mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake akatufundisha kuwa fumbo la upelelezi laweza kukaa katika mitaa yetu, na kuongea lugha yetu, bila ya kuazima ukungu wa London. Lakini Bwana Msa ni mwanamume, na ipo milango ya Unguja ambayo Bwana Msa hawezi kubisha. Hapo ndipo binti wako anapopata kazi.

Mwongozo usio na mfano haumfai mtunzi, basi nitachukua mfano mmoja niufuate tangu mwanzo hadi mwisho, nawe uufanyie utakavyo. Tuseme mahali ni Mji Mkongwe wa Unguja, na wakati ni miaka ya 1950, karafuu ikiwa ndiyo mali na shilingi ya Afrika Mashariki ndiyo fedha. Yupo tajiri mmoja anayeheshimiwa, mwenye duka na ghala, aliyepata kuwekwa kuwa wasii wa mayatima wa rafiki yake. Siri yake ni hii: shamba la mikarafuu la mayatima wale sasa limo katika jina lake, kwa hati isemayo kuwa marehemu alimuuzia kabla ya kufa, na hati hiyo iliandikwa marehemu akiwa amekwisha kuzikwa. Siku moja analetewa barua isiyo na jina, iliyoandikwa kwa khati ya Kiarabu, yenye maneno machache: atwae shilingi elfu mbili, azifunge katika kitambaa cheupe, aziweke chini ya jiwe la kisima kibovu, usiku wa Ijumaa baada ya isha, akikosa, yatasemwa yaliyofanywa baada ya arubaini.

Itazame barua hiyo kwa makini, maana hapo ndipo penye uzito wa kazi yako yote. Barua ya vitisho katika hadithi isiwe chombo cha kumtisha msomaji tu. Iwe kasha ambalo ufunguo wake umo ndani yake lenyewe. Kila neno lililomo lifanye kazi mbili: limwambie tajiri anachotakiwa kufanya, na limwambie binti, akiwa na subira, ni nani aliyeandika. Mtishaji hana budi kusema kiasi cha kumfanya mtishwa aamini kuwa siri yajulikana, wala hathubutu kusema zaidi ya hapo, kwa sababu siri ikisemwa yote huwa haina tena bei. Mpaka huo mwembamba, kati ya kudokeza na kufichua, ndipo mwandishi wa barua anapojisaliti.

Tajiri alilipa. Kisha ikaja barua ya pili ikitaka zaidi, naye, kwa ghadhabu na kwa hofu ya kufilisika, akaenda polisi. Lakini hakwenda na ukweli wote. Alisema kuwa haelewi maana ya arubaini, na kwamba yeye ni mtu mwema anayehusudiwa. Usiwafanye polisi kuwa wajinga, maana hilo ni kosa la watunzi wavivu, na humvunjia heshima binti wako, ambaye ushindi wake hautakuwa na thamani ikiwa washindani wake ni mabwege. Inspekta alifanya kazi yake kwa uaminifu kwa yale aliyopewa: karatasi ya barua ilitoka katika daftari la dukani, karani wa duka ni kijana mwenye khati nzuri ajulikanaye mjini kwa kunakili maulidi, na wiki ile ile kijana huyo, ambaye mshahara wake ni haba, alipeleka kwa walii wa mchumba wake sehemu kubwa ya mahari. Aliulizwa fedha kazitoa wapi, akanyamaza. Akaulizwa Ijumaa usiku alikuwa wapi, akasema alikuwa akitembea pwani peke yake. Kwa ushahidi huo mimi pia ningalimkamata, na msomaji wako, akiwa mwadilifu, naye angalimkamata.

Sasa mlete binti, na la kwanza umpe ni shaka. Watunzi wengi hudhani mapenzi yatamwonyesha binti ukweli tangu mwanzo, akawa anajua tu moyoni kuwa mchumba wake hana hatia, na kisa chote kikawa ni kungoja wengine waamini alichoamini yeye. Huko ni kuudhulumu moyo wa mwanamke na kuidhulumu akili yake pia. Mpe usiku mmoja mrefu ambao ndani yake anajiuliza kama mahari aliyopelekewa ni fedha ya vitisho, na kama yeye mwenyewe, kwa kukubali posa ya mtu asiye na uwezo, hakumsukuma kijana wa watu katika ubaya. Mapenzi yampe sababu ya kuanza. Yasimpe hoja hata moja ya kumalizia. Atakayesimama mbele ya hakimu atasimama mbele ya mtu asiyempenda kijana wake, na ushahidi wake lazima umridhishe mtu huyo.

Shaka hiyo aiondoe kwa njia ambayo mwanamume asingeweza kuipata, na hapa kaa kwa utulivu, uandike kwa mapana, kwa sababu ndipo penye utajiri wa kisa chetu. Katika mji wa pwani wa zama zile, wanawake walikuwa na ulimwengu wao wa habari: harusi na khitma, chumba cha mzazi, ukumbi wa ndani ambamo buibui huvuliwa na maneno yakasemwa kwa uwazi usiofika barazani. Binti wako aende harusini pamoja na bibi yake, akae mkekani kama wengine, asiulize neno. Na amwone mama wa mchumba wake akipokea kahawa kwa mikono mitupu. Wanawake wote wa mtaa wanavijua vikuku vya dhahabu vya mama yule, vilivyorithiwa kizazi hadi kizazi, na hapana aliyepata kumwona katika harusi bila ya vikuku hivyo. Hayo ndiyo mahari. Mama aliviuza kwa siri kwa sonara ili mwanawe aoe, akamlisha yamini asimwambie mtu, kwa kuwa ndugu zake mama wangaligomba kwamba mali ya urithi imetoka nje. Kijana aliona heri alale rumande kuliko kumvunjia mama yake sitara, na binti, alipoiona mikono ile mitupu, alijua kwa mara ya kwanza, kwa dalili na si kwa matumaini, mchumba wake ni mtu wa namna gani.

Lakini dalili ya kumridhisha binti si dalili ya kumridhisha hakimu, wala haimtaji mkosaji. Basi mrudishe kwenye barua. Maneno ya kwanza ya kumshughulisha ni usiku wa Ijumaa, ambayo anayasikia yakisomwa katika shitaka kwa Kiingereza, kisha yakafasiriwa kwa Kiswahili yakawa Ijumaa usiku, na msomaji wa pwani, ukiwa umemwandalia vizuri, ataruka kitini kabla ya binti. Mwache amwulize bibi yake wakiwa wanachambua mchele.

"Bibi, mtu akikwambia usiku wa Ijumaa, wewe humngoja lini?"

"Alhamisi jua likichwa, mwanangu. Siku si huanza magharibi? Ijumaa yenyewe ikichwa, huo huwa ni usiku wa Jumamosi."

Tajiri ni mtu wa pwani, naye aliiweka fedha kisimani Alhamisi baada ya isha, akaeleza hivyo hivyo kwa polisi, kwa maneno yale yale ya usiku wa Ijumaa. Mfasiri, aliyekuwa na haraka na aliyezoea kuhesabu siku kwa saa ya ofisini, aliiandika siku ya pili yake, na tangu hapo watu wote wakawa wanaulizana habari za usiku ambao halikutokea lolote. Alhamisi ile usiku kijana alikuwa msikitini akisoma maulidi mbele ya jamaa nzima ya mtaa. Hapana aliyesema uwongo. Inspekta alisoma alichoandikiwa, tajiri alisema alichofanya, mtuhumiwa alijibu alichoulizwa, na mtu mwema akafungwa kwa kweli tatu zisizokutana. Fumbo la namna hii lina thamani kuliko milango ya siri na sumu zisizojulikana, kwa sababu limetoka katika maisha ya wasomaji wako wenyewe, nao watalitambua kuwa lao.

Neno la pili la kushughulika nalo ni arubaini. Polisi walilipita, wakidhani ni hesabu ya fedha au ya siku za muhula. Binti halipiti, kwa sababu arubaini katika masikio ya mwanamke wa Unguja ni khitma ya maiti. Basi swali linakuwa: arubaini ya nani? Na wanaokumbuka arubaini za mjini, nani alipika, nani alikuja, nani alichelewa, ni wanawake. Akifuata njia hiyo atafika katika nyumba ya mjane wa yule rafiki wa tajiri, atakuta mayatima, atasikia habari ya shamba, na mjane atamwambia kwa unyonge kwamba hati ile ilionekana siku chache baada ya arubaini, ikiwa na sahihi ya marehemu na ya shahidi mmoja. Siri imepatikana, na pamoja nayo yamepatikana maarifa makubwa kuliko yote katika kisa cha vitisho: mwenye kutisha ni lazima awe miongoni mwa waliojua. Mfundishe binti kuchora duara la waliojua, kisha alipunguze. Katika mfano wetu duara lina watu watatu: karani mzee aliyeiandika hati, ambaye sasa ameacha kazi, dalali aliyetia sahihi ya ushahidi, ambaye kila asubuhi hukaa barazani pa duka la tajiri na karatasi za daftari ziko karibu na mkono wake, na mpwa wa tajiri aliyetumwa kuipeleka hati ofisini. Mchumba hamo. Aliajiriwa miaka miwili baadaye.

Kumtoa mtu katika duara si kumtia mwingine hatiani, na huu ni wakati ambao watunzi wengi huchoka, wakamfanya mkosaji akiri mwenyewe kwa hotuba ndefu. Usifanye hivyo. Mtegee. Binti, kwa idhini ya mjane na baada ya kumweleza hatari yake, afanye hivi: mjane amnong'oneze mke wa kila mmoja wa watu wale watatu, kwa nyakati mbalimbali, kwamba imeonekana karatasi ya marehemu yenye kuibatilisha hati, ila kwa mke wa karani aseme imeonekana katika debe la zamani, kwa mke wa dalali aseme imo katika kasha la mvule, na kwa mke wa mpwa aseme ilikuwa imeshonewa katika mto. Kisha wangoje. Barua mpya inapomfikia tajiri, ikidai fedha ili karatasi "iliyomo kashani" isifike kwa kadhi, mlango mmoja tu ndio uliosikia habari ya kasha, na mchumba wa binti yu rumande, hana wino wala karatasi. Mwandishi mwadilifu atauacha moyo wa binti usumbuke kwa uwongo ule aliowafundisha wenziwe, maana mtu anayesema uwongo bila ya kusumbuka hatufai kumwamini anaposema kweli.

Imebaki kazi iliyo ngumu kupita zote, nayo ni ya kumfumbua kinywa tajiri, kwani barua ile ya tatu imo mfukoni mwake, na akiichoma moto hapana kesi. Hapa ndipo penye kilele cha kisa. Si mbio za usiku, wala si kisimani. Usimpeleke binti peke yake, kwa sababu haikuwa desturi wala si busara. Aende na mjomba wake mzee, akae panapomstahili, aamkie kwa adabu, amwache mjomba aombe ruhusa, kisha aseme kwa sauti ya chini.

"Shikamoo, baba. Sikuja kukuaibisha. Wewe wajua kuwa aliyefungwa hakuiandika barua uliyoletewa jana."

"Marahaba. Barua gani, binti?"

"Inayotaja kasha. Baba, huyu anakuuzia kitu kimoja kila mwezi, nawe hukipati. Ukienda kwa kadhi kwa miguu yako, ukalirudisha shamba la mayatima kwa mkono wako, hatakuwa na kitu cha kukuuzia tena."

Maneno hayo ndiyo ninayoyashikilia mimi kuliko yote katika mwongozo huu, na ningependa uyajengee kisa chako hata ukibadili mengine yote. Vitisho haviondolewi kwa kumkamata mtishaji peke yake, kwa kuwa siri ikibaki atatokea mwingine; huondolewa na mwenye siri anapoitoa mwenyewe. Binti aliyekuja kumwokoa mchumba wake anajikuta amemshika mkono mtu aliyemfungisha, akimwonyesha njia ya kutoka katika kifungo chake cha siku nyingi, na mayatima ambao hapana aliyekuwa akiwafikiria wanapata haki yao. Tajiri akikataa mara ya kwanza, ni vema. Akiomba muda wa kufikiri akalala bila usingizi, ni vema zaidi. Ila asikubali kwa machozi ya ghafla, maana mtu aliyekula mali ya yatima kwa miaka hafunguki kwa sentensi moja.

Ya barazani kwa hakimu yaandike kwa ufupi na kwa usahihi. Sheria za jinai tulizozirithi kutoka kwa Waingereza huhesabu kudai mali kwa vitisho kuwa ni kosa hata ikiwa siri yenyewe ni ya kweli. Basi usimfanye wakili wa dalali ajitetee kwa kuthibitisha kwamba tajiri kweli alighushi, kana kwamba hilo lamwokoa mteja wake. Mambo ya mirathi na ya mayatima wa Kiislamu yapeleke kwa kadhi, na ya jinai yaache kwa hakimu. Kumbuka pia kuwa shahidi husema aliyoyaona na kuyasikia mwenyewe: waliohudhuria maulidi ndio watakaosema kijana alikuwa wapi, mjane ndiye atakayesema alimwambia nani nini, na sonara ndiye atakayesema alinunua vikuku lini na kwa nani, ikiwa mama ameridhia. Binti mwenyewe huenda asiitwe kabisa. Hilo lisikuhuzunishe, mwache akae nyuma, asikilize kazi yake ikisemwa na vinywa vya wengine.

Ukipenda kukileta kisa katika zama hizi, barua itakuwa ujumbe wa simu na kisima kitakuwa akaunti ya fedha ya simu, lakini mifupa ni ile ile. Tanzania ilianza usajili wa laini kwa alama za vidole mwaka 2019, na laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa Januari 2020, kwa hiyo mtishaji mwenye akili hatumii laini yake. Hutumia iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiyejua, naye huyo asiyejua aweza kuwa ndiye mchumba wako wa kubuni, aliyewahi kuweka kidole mara mbili kwa wakala kwa kuambiwa cha kwanza hakikusoma. Binti wa leo atabonyeza *106# katika simu ya mchumba wake, aone laini ngapi zimo katika jina lake, na kisa kitaanza hapo. Ila asidhani mtambo umemaliza kazi. Mtambo utasema ni laini ipi, hautasema ni nani aliyeijua siri.

Juu ya lugha nina neno moja tu. Kila mtu aongee kama aongeavyo mtu wa rika lake na wa mahali pake: bibi asiongee kama mjukuu, inspekta asiongee kama dalali, na barua iwe na ibara ya mtu aliyesoma chuoni zamani ikiwa aliyeiandika alisoma chuoni zamani. Mtunzi anayeandika barua ya mkosaji kwa lugha yake mwenyewe amekwisha kuharibu ushahidi kabla ya binti kuuona.

Wapelelezi mashuhuri wa riwaya zetu, Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, Willy Gamba wa Elvis Musiba, Joram Kiango wa Ben Mtobwa, wote ni wanaume, na wametutumikia vizuri. Nafasi ya binti ipo wazi, na mambo anayoyajua yeye, ya ukumbini, ya khitma, ya vikuku na ya hesabu ya siku, hayajatumiwa ipasavyo. Basi twaa karatasi, uandike kwanza barua ya mtishaji, neno kwa neno, mpaka uwe waweza kuisema kwa moyo. Chini yake andika majina ya wote walioijua siri. Na usianze sura ya kwanza mpaka uwe na hakika kwamba jina la mchumba halimo katika orodha hiyo, na kwamba binti wako anaweza kulithibitisha hilo mbele ya mtu asiyempenda.